Meza ya Watu Watano

Kwa heshima na taadhima napenda kuutangazia umma wa ukurasa huu kwamba nimefanikiwa kupata meza ya watu watano, saa kumi na mbili jioni, katika mgahawa ulio ndani ya ngome, kule Florida kwenye ile bustani ya mabembea yanayopindua watu kichwa chini. Waliowahi kuitafuta meza hiyo wanajua ninachosema. Wengine endeleeni kusoma tu, mtaelewa.

Admin, jina langu lifiche. Umri uache, nimeuhangaikia. Nina miaka sitini na moja, Mtanzania wa Morogoro, naishi huku ughaibuni, Riverdale Park, peke yangu. Mke wangu alirudi nyumbani kumuuguza mama yake, mama akapona, mke akagundua hali ya hewa ya kule inamfaa. Tunaongea vizuri kwa simu. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye jengo la ofisi Rockville, kwa hiyo kutwa nzima nawaambia watu karibu na wao wananipita.

Binti yangu anaishi Greenbelt na mume wake, Mkenya wa Nyeri, kijana mstaarabu, na watoto wao wawili. Miezi michache iliyopita aliniambia wanapanga safari ya Florida, na kwamba migahawa ya kule lazima ushike nafasi mapema, nafasi zenyewe zinafunguliwa alfajiri na kuisha kabla watu hawajapiga mswaki. Akasema, Baba, wewe unaamka mapema, tusaidie.

Mwanzoni nilibisha. Nani anajua leo atakuwa na njaa ya nini baada ya miezi miwili? Nikamwambia twende tu, tutakula tutakachokuta. Akacheka, akasema huko ukienda hivyo utakula bisi kwenye foleni na watoto watalia. Basi nikajifunza. Nikawa mtaalamu. Najua mgahawa upi una samaki, upi wanakuja watu waliovalia kama wanyama wa manyoya kushika watoto mashavu, upi ni bora uende mchana. Kazini nikaomba likizo, nikapewa. Nikanunua na kofia ya jua. Tiketi sikuuliza. Kwetu baba haulizi tiketi yake iko wapi, anaulizwa begi lake liko wapi.

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kwao kula mchana, nikamwonyesha mkwe wangu simu, nikiwa na fahari kama mtu aliyepata kiwanja. Akasoma, akasoma tena.

"Mzee, hapa umeweka watu tano," akasema taratibu. "Wa tano ni nani?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anahesabu kweli. Mimi nikaangalia sahani yangu kama vile jibu limo kwenye mchuzi.

Binti yangu ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka kijiko chini. "Baba, ulitaka kuja? Mbona hukusema? Karibu basi, twende."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikajibu, "Aah, mimi na mabembea wapi na wapi. Nendeni nyie na watoto."

Mnaonisoma kutoka nyumbani mnajua hilo halikuwa jibu. Hiyo ni salamu. Mtu akikukaribisha unakataa kwanza, yeye anasema usiseme hivyo bwana, anakushika mkono, unakataa kidogo tena kwa sauti ya chini, halafu unakwenda huku ukilalamika kwamba umelazimishwa. Nimekula harusi nyingi kwa njia hiyo. Nikasubiri nishikwe mkono.

"Sawa Baba, kama una uhakika," akasema, akampa mumewe kachumbari. Mjukuu wangu mkubwa naye akathibitisha kwa Kiingereza kwamba Babu ameshakataa.

Simlaumu. Alikuja hapa mdogo, shuleni wakamfundisha kwamba mtu akisema hapana uheshimu. Ni fundisho zuri. Lile letu halifundishwi darasani, mtoto analiona nyumbani wageni wanapokuja, na kwetu hapa wageni hawakuwa wakija. Mama yake alikuwa zamu ya usiku, mimi ya mchana. Nani angemkaribisha nani?

Wiki iliyofuata nikampigia nikitafuta mlango wa kurudi. Nikauliza kama saa kumi na mbili inawafaa. Inawafaa. Nikauliza kama kuna asiyekula samaki. Hakuna. Nikakohoa, nikauliza, na idadi je?

"Eh, asante kwa kunikumbusha, Baba. Punguza iwe wanne."

Nikamwambia nimeshapunguza. Sijapunguza. Kila asubuhi nafungua simu naiangalia, bado imeandikwa watu watano, nafunga, nachemsha chai. Likizo nimeanza. Mwenzangu wa kazini aliniaga kwa furaha, akaniagiza picha.

Najua vijana mtaniambia kaa na mwanao uzungumze naye wazi. Mdomo huu una miaka sitini na moja ya kusema asante nimeshiba, sijui naanzia wapi. Na kina mama mtasema mwache mtoto apumzike na familia yake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana nilidhani hao watano ndiyo familia yenyewe.

Ndugu zangu, naombeni mawazo yenu bila kunichekea sana. Nimwambie kwamba nilitaka kwenda, au nibonyeze pale penye wanne nikae kimya? Mwenye neno aliseme leo.

Wanaruka kesho asubuhi. Mimi ndiye ninayewapeleka uwanja wa ndege.