Bendera Nyekundu ya Ruangwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Niliripoti kituo cha hali ya hewa cha Nachingwea, pembeni ya uwanja wa ndege, mwishoni mwa miaka ya arobaini, wakati matrekta yalipokuwa yanang'oa misitu ili karanga zipandwe na vumbi jekundu likiingia mpaka ndani ya chai. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe. Mkuu wa Kituo, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha polepole chenye adabu, alinionyesha kigoda nje, akaniambia nikae pale niangalie mawingu mpaka saa kumi.

Saa kumi akaja kuniuliza nimeona nini. Nami, kwa kutaka kujionyesha, nikamwambia nimeona kwamba kesho mvua itanyesha.

"Sikukuuliza habari za kesho," akasema. "Nimekuuliza umeona nini."

Nikamwambia ukweli: asubuhi niliona mawingu membamba upande wa mashariki, ila tangu saa nane sikuona kitu kwa sababu nilisinzia. Aliandika jambo fulani kwenye kitabu chake, akaniambia nirudi kesho. Nilirudi, na nikaendelea kurudi kwa miaka thelathini na kitu.

Ninyi vijana mnaobonyeza simu na kuonyeshwa mvua ya wiki nzima, kazi yetu itawachekesha. Asubuhi saa tatu kamili tulifungua kipimamvua, silinda ya shaba yenye mdomo wa faneli na chupa ndani yake, tukamimina maji ya chupa kwenye gilasi yenye mistari na kusoma ni inchi ngapi na pointi ngapi. Pointi ni sehemu moja ya mia ya inchi. Halafu tulikwenda kwenye kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao kilichosimama juu ya miguu minne, ambamo vipimajoto viwili viliwekwa kivulini: kimoja kikavu, cha pili kimefungwa kitambaa kinachonyonya maji. Tofauti ya viwili hivyo hueleza unyevu wa hewa. Mwisho tulitazama juu, tukaigawanya mbingu mafungu manane na kuhesabu mangapi yamefunikwa na mawingu. Yote yaliandikwa kwenye daftari kwa wino, na kilichoandikwa kwa wino hakikufutwa. Ukikosea ulipiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, ukaandika sahihi juu yake. Mkuu wa Kituo alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini mtu akikutwa na kifutio mfukoni alikiona cha moto.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa Ruangwa kuwa mpimaji wa peke yangu. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu mjomba wangu Selemani aliishi Nkowe, na kutoka Nkowe kuja sokoni Ruangwa watu walitembea kila mara. Sisi Wamwera mjomba si mtu wa kusalimiana naye tu. Baba yangu alifariki mimi ningali mgongoni, na ni Mjomba Selemani aliyenipeleka jandoni, akanitia shule, na akanitafutia mke, Zuhura, ambaye nilikwenda naye Ruangwa tukiwa na kitanda kimoja na kuku wanne.

Ruangwa nilikuta mlingoti. Utaratibu ulikuwa hivi: Nachingwea wakipata habari ya mvua kubwa kwa simu ya upepo, ile isiyo na waya, waliandika karatasi ya onyo wakampa dereva wa lori au tarishi wa baiskeli, naye akaniletea. Nikishapata karatasi nilipandisha bendera nyekundu ili madereva wasiingie njiani, kwani udongo wa kule ukilowa lori linazama mpaka ekseli, na ili wakulima waanue vitu vyao. Bila karatasi, hakuna bendera. Sheria hiyo Mkuu wa Kituo alinisomea mara mbili, akataka niirudie kwa mdomo wangu.

Mwaka wa kwanza bendera ilipanda mara nne, na mara zote nne mvua ilinyesha. Mara moja karatasi ilifika imelowa chapachapa, mvua ikiwa imeshapita, lakini nilipandisha hivyo hivyo kwa kuwa amri ni amri. Raha ilikuwa kuwatazama watu. Wanawake waliokuwa wameanika makopa ya muhogo walikimbia na ungo kichwani. Fundi mmoja wa matofali alikuwa akiyaingiza ndani matofali yake mabichi huku ananitukana kwa sauti ya chini, tofali moja tusi moja. Wengine walikuja kwa heshima kuniomba niahirishe kidogo, wana ngoma ya unyago Jumamosi. Nilicheka na kuwaeleza kwamba mimi napokea habari tu, sipangi mvua. Walinisikiliza vizuri, wakaenda zao, na wakaanza kuniita Bwana Mvua. Nakiri kwamba jina hilo nililipenda. Sikulikataa kwa nguvu nilivyopaswa kulikataa, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mwaka uliofuata mvua za mwanzo zilinyesha, watu wakapanda, halafu zikakata. Mwezi wa kwanza ukaisha, mtama ukakunja majani, mahindi yakawa ya kuwashia moto. Watu waliingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu ambavyo sasa vinauzwa mijini kama kitafunwa, lakini wakati ule ukiona familia inavichimba ulijua ghala ni tupu. Kila asubuhi nilifungua kipimamvua na kuandika hakuna. Nilianza kuuchukia mwandiko wangu mwenyewe.

Ndipo Mjomba Selemani alipokuja kutoka Nkowe, kwa miguu, na wazee wawili nyuma yake. Zuhura aliwapa maji. Mjomba aliyanywa, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema lililomleta. Wazee walikuwa wameshamwaga unga wa mtama chini ya msolo, mti wetu wa tambiko, na kuwaita waliotangulia kwa majina yao. Shehe naye alikuwa ameswalisha watu uwanjani kuomba mvua. Kilichobaki, alisema, kiko mikononi mwangu, nacho ni kile kitambaa chekundu.

Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine. Nikamtajia karatasi, simu ya upepo, na sheria ya Mkuu wa Kituo. Nikamwambia nikipandisha bila karatasi nitafukuzwa kazi.

"Mara nne umeipandisha, mara nne imenyesha," akasema Mjomba. "Mpwa wangu, mimi sikuombi kwa ajili yangu."

"Mjomba, bendera haileti mvua."

"Basi ipandishe, kama haifanyi kitu. Unamnyima mtu kitu kisichofanya kitu?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta mpaka leo na bado sijalipata lililo zuri. Nikasema tu kwamba siwezi. Mjomba akasimama, akachukua fimbo yake.

"Siku nikifa," akasema, "usije kunizika."

Wiki ile ilikuwa mbaya kuliko zote nilizoishi. Zuhura akifika kisimani wanawake walimpisha, kisha wakaondoka, wakamwacha achote peke yake. Hakuna aliyetutukana, hata fundi wa matofali aliacha kunitukana, na kimya chake kiliniuma zaidi. Zuhura hakunilaumu, ila usoni mwake niliona amekonda kwa jambo ambalo si njaa peke yake. Nilikuwa naogopa kukosa kazi, na nilikuwa naogopa kukosa mjomba, na nilijua hofu mojawapo lazima niimeze.

Asubuhi moja, baada ya kuandika hakuna kwenye daftari, nilitoa bendera sandukuni nikaipandisha.

Kufika saa sita, uwanja wangu ulijaa. Mjomba naye alikuja, akamwaga unga wa mtama chini ya mlingoti, akanishika bega. Machozi yalinilengalenga. Tulitazama juu wote. Mawingu yalikuwa mafungu mawili kati ya manane, membamba, ya kupita. Jioni bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, ila watu walipungua, na walioondoka waliondoka polepole bila kunitazama.

Asubuhi ya siku ya tatu alinijia dereva wa lori, mtu mnene mwenye taulo shingoni. Aliniuliza kwa upole onyo langu litakwisha lini. Alikuwa amelala Ruangwa siku mbili kwa kuiheshimu bendera, na ndani ya lori alikuwa na magunia ya mahindi ya msaada yaliyokuwa yanasubiriwa kijiji cha Nambilanje. Aliogopa kukwama njiani na chakula cha watu.

Niliishusha bendera mbele yake, nikamwambia aende, njia kavu. Alinitazama, akatazama mbingu, akaelewa. Aliwasha lori akaondoka, na mimi nikachukua baiskeli mpaka Nkowe nikamweleza Mjomba: watu wa Nambilanje wamekaa siku mbili zaidi bila chakula kwa sababu yetu sisi wawili.

Mjomba akainuka, akaenda barazani kwa jumbe, mkuu wa kijiji, ambako wazee walikuwa wamekusanyika, nami nyuma yake.

"Huyu mtoto hana mvua," akawaambia. "Alituambia, tukakataa kusikia. Ana habari tu. Tumemlazimisha aseme uongo, na uongo umekula chakula cha wenzetu."

Siku ile nililishwa ming'oko nyumbani kwake, nikala kama mtu aliyetoka safari. Kesho yake kisimani wanawake walimsubiri Zuhura. Mvua ilikuja baada ya siku kumi, bila karatasi na bila bendera. Nachingwea wenyewe hawakuiona ikija.

Lakini daftari lilikuwepo. Kwenye safu ya maelezo niliandika: Bendera nyekundu imepandishwa siku mbili bila onyo. Mvua hakuna. Nimeipandisha mimi. Mkuu wa Kituo alipokuja kukagua alisoma mstari huo, akavua miwani, akakaa. Nilidhani kazi imekwisha. Badala yake akanisimulia habari za kwao, ambako baridi ikizidi huanguka theluji mpaka milango haifunguki. Alipokuwa kijana kama mimi, alitoa onyo la theluji kubwa. Shule zikafungwa, watu wakagombea mikate madukani mpaka ikaisha. Haikuanguka hata chembe. Mama mmoja mzee alimletea ofisini mkate uliokauka, akauweka juu ya meza yake, akaondoka. Na majira ya baridi yaliyofuata alipotoa onyo la kweli watu walicheka, na theluji ikawafungia wengine njiani.

"Watu ni wamoja," akasema. "Wanatufanya sisi ndio wenye mvua na theluji, kisha wanatukasirikia." Akavaa miwani, akasoma tena. "Umeandika bendera. Lori hukuandika."

Dereva alikuwa amemweleza. Niliona aibu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, kwa maana nilikuwa nimejiona mkweli sana, kumbe nimeandika lile kosa lililoniumiza mimi na kuliacha lile lililowaumiza wengine. Akanisukumia kalamu. Niliandika lori, magunia, Nambilanje, siku mbili. Alitia sahihi chini yake, akanipa barua ya karipio, akaniacha Ruangwa.

Tangu hapo watu wa kule walikuwa na namna yao. Wakiona bendera hawakukimbia wala kunibembeleza. Walikuja kwanza kuuliza, na aliyeanzisha swali hilo ni Mjomba Selemani, msimu wa ufuta, miganda yake ikiwa imesimamishwa shambani inakauka na mvua isiyo ya wakati wake ikitangazwa.

"Hii ni ya karatasi," aliniuliza, "au ni ya kwako?"

"Ya karatasi, Mjomba."

Aligeuka pale pale akaenda kuuanua ufuta. Mvua ile iliharibu ufuta wa wengi, wake haukuguswa.

Sasa nimestaafu siku nyingi. Nilifanya kazi vituo vingine, vikubwa, vyenye mashine ambazo zingemshangaza Mkuu wangu, na vyeo nilivyopata sivitaji hapa. Wajukuu wangu wakisikia redio inaonya mvua wanacheka, na isiponyesha wanacheka zaidi. Huwa siwagombezi. Nawaambia tu kwamba nyuma ya onyo yuko mtu, na mtu huyo anaogopa mambo mawili: kunyamaza, na kukosea. Wananisikiliza vizuri, kisha wanakwenda zao.

Ninachokikumbuka zaidi ni daftari la Ruangwa, ukurasa mmoja wa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Karatasi ya onyo ilinifikia asubuhi, na kabla sijamaliza kufunga kamba ya bendera akaja mjumbe kutoka Nkowe: Mjomba Selemani amefariki. Nilipanda baiskeli. Wazee walikuwa wamekubaliana kuzika alasiri, wakisubiri jamaa wa mbali. Jumbe akaniuliza habari za mbingu, nikamwambia bendera imepanda. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya karatasi. Basi wakachimba haraka, tukamswalia adhuhuri, na mimi niliingia kaburini kumpokea, kwani neno lake la kunikataza nisije kumzika alikuwa amelifuta yeye mwenyewe zamani, siku ile ya barazani. Tulipomaliza kufukia, matone ya kwanza yakaanguka. Ilinyesha usiku kucha.

Kesho yake nilisukuma baiskeli matopeni mpaka kituoni, nikafungua kipimamvua, nikapima, nikaandika inchi na pointi zake. Kisha kwenye safu ya maelezo nikaandika: Kipimo cha saa tatu kimechukuliwa saa tano. Mpimaji alikwenda kumzika mjomba wake.