Chumba cha Mjomba

Je, akiugua tena, na mimi ndiye niliyesaini? Swali hilo liliniondolea usingizi wiki nzima.

Mjomba alikuwa amekaa miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili yenye ulinzi, kwa amri ya mahakama. Ugonjwa ulipomzidi alichoma banda la ng'ombe la jirani yetu hapa kijijini Mamba, milimani. Madaktari walishasema anaweza kuendelea na dawa nyumbani, lakini hakutoka. Mara barua ya kijiji haikufika, mara afisa ustawi wa jamii hakupata usafiri wa kupanda huku kukagua pa kufikia. Mwaka wa pili ukaisha hivyo. Sasa fomu ilitaka mambo mawili: chumba, na ndugu wa kumpeleka kliniki mjini Same kila mwezi. Bibi, mama yake, maafisa walimwona ni mzee mno. Nikabaki mimi, mwenye shahada na nisiye na kazi.

Niliisoma fomu ile mpaka nikaiogopa. Mvua ikikata barabara? Dawa zikiisha? Jirani akikasirika?

Bibi alimwendea mwenyekiti wa kitongoji, akaomba baragumu lipigwe kuita msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ile ya kuzibua mifereji na kutengeneza barabara, ili watu waje kukandika chumba cha mwanawe. Nilimwonea aibu. Nani angekuja?

Asubuhi walikuja wanawake na ndoo za maji, wanaume na fito. Wa mwisho alikuwa yule jirani, jembe begani.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Bibi.

"Marahaba. Umekuja kunisaidia au kunikagua?"

"Vyote viwili. Mlango utazame kwangu, nimwone akitoka. Na kiberiti ukae nacho wewe."

Watu wakacheka, Bibi kuliko wote. Jirani hakusema kama amesamehe. Alivua viatu, akakanyaga udongo mpaka saa saba mchana, na mlango ukatazama kwake.

Bibi akanigeukia, tope hadi viwikoni. "Umesoma miaka yote hiyo, leo jina lako tu linakushinda kuandika?"

Nilinawa mikono, nikasaini. Herufi zilipinda. Kisha nikaitia fomu ndani ya shati isilowe, nikapanda bodaboda kuteremka Same kabla ofisi haijafungwa.