Neno la Kufunga Kisima

Mativo alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya kuchimba visima vya mafuta, yenye ofisi yake Industrial Area, Nairobi. Aliishi Mbotela, chumba kimoja na jiko, pamoja na mkewe Ndindi na binti yao Mwende. Kabla ya ukarani alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya msingi huko Machakos kwa miaka sita, na ualimu huo ndio uliomponza.

Mwaka wa sabini na sita kampuni ilikuwa inachimba kisima kaskazini mashariki, mwendo wa siku mbili kwa lori. Vibarua wengi wa mtamboni hawakujua Kiingereza, na mchimbaji mkuu, mzungu aliyesimamia usukani wa mtambo, hakujua Kiswahili. Siku moja meneja, Bwana Dawes, akamwita Mativo na kumpa karatasi iliyojaa maneno ya kazi.

"Wewe ulikuwa mwalimu. Niwekee haya kwa Kiswahili. Maneno mafupi, ya kutosha kwenye kadi moja ya mfukoni. Na mchimbaji mkuu naye atajifunza kutoka hapo hapo."

Mativo aliipokea kazi ile kama mtu aliyerudishiwa darasa lake. Mwalimu wake wa mambo ya mtambo alikuwa shemeji yake Nzuki, mdogo wake Ndindi, ambaye alikuwa kibarua huko huko. Kazi yenyewe Mativo ndiye aliyemtafutia. Nzuki alipokuja likizo walikaa mezani jioni tatu, chai ikipoa, Nzuki akieleza kwa mikono.

Kulikuwa na maneno ya kuchekesha. Bomba likikatikia shimoni, kile kipande kilichobaki chini wazungu walikiita samaki, na kukitoa wakakuita kuvua. Mativo akaacha hivyo hivyo, wavue samaki jangwani. Ule ubao wa juu mnarani, anaposimama mtu wa kupanga mabomba, wao waliuita ubao wa nyani. Hilo alilikataa. Akaandika roshani.

Lakini kulikuwa na neno moja ambalo Nzuki alipolifikia aliacha kucheka.

"Hili, shemeji, ni teke. Kisima kinapiga teke. Tope tunalolisukuma chini ndilo linaloikandamiza gesi isipande. Gesi ikilishinda nguvu, tope linaanza kurudi juu lenyewe. Hapo una dakika chache. Mchimbaji mkuu anapiga kelele, na mimi niliye kwenye vali ya mdomo wa kisima nafunga. Nikichelewa, gesi inatoka. Ikikutana na cheche ya injini, hakuna atakayekuja kukusimulia."

Mativo akaandika. Teke. Tope. Kisha, kwa vali, akaandika maneno mawili ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeyachagua: funga, fungua. Kadi zikapigwa chapa, zikapakiwa kwenye lori moja na Nzuki.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi moja mchana Mativo alibeba mahindi kwenda mashine ya posho ya Bedan, karibu na Jogoo Road. Injini ya dizeli ilikuwa inanguruma mpaka mabati yanatetemeka. Mativo alikinga gunia chini ya mdomo wa unga, na unga ulipoanza kumiminika, mshono wa gunia ukaachia.

"Funga!" akampigia Bedan kelele. "Funga, Bedan! Funga!"

Bedan akamtazama, akaitikia kwa kichwa, akavuta mpaka mwisho kibao kinachozuia mahindi yasishuke. Mahindi yakashuka yote kwa pamoja. Unga ukamwagika miguuni kwa Mativo, ukafunika viatu, ukapanda. Bedan alipoona hivyo alikimbia kuzima injini.

"Sasa mwalimu, si wewe umesema fungua?"

"Nimesema funga."

"Mimi nimesikia fungua. Kwa kelele hii nani atajua?"

Mativo alibaki amesimama ndani ya unga wake. Mashine ya Bedan ilikuwa injini moja. Mtambo ulikuwa na injini tatu kubwa, na pampu za tope, na mzungu aliyejifunza maneno yake kutoka kwenye kadi.

Aliyaacha mahindi, unga na gunia. Alivuka Jogoo Road bila kutazama magari, dereva akamtukana, hakusikia. Njia nzima hadi ofisini alikuwa akiyatamka yale maneno mawili kwa sauti ya chini, akiyasikiliza, na kila alipoyarudia aliona yanazidi kufanana.

Ofisi ilikuwa imefungwa, isipokuwa chumba cha redio. Hared, kijana wa Eastleigh aliyeshika zamu ya wikendi tu, alikuwa akingoja kuzungumza na mtamboni saa kumi na mbili jioni kama kila siku. Mativo akamweleza huku akihema.

"Bwana Mativo, sheria unaijua," Hared alisema. "Redio hii ni ya ujumbe wa meneja peke yake. Nikikamatwa, kesho sina kazi."

"Nami sina. Lakini tukingoja Jumatatu, huenda kuna watu hawatakuwepo."

Hared alimtazama miguu iliyojaa unga. Kisha akavuta kiti cha pili.

Saa kumi na mbili ilipofika, redio ilikwaruza kwa muda mrefu kabla ya sauti kupenya. Alikuwa Gedi, msimamizi wa vibarua. Hared akamsomea polepole alichoandika Mativo: neno funga lisitumike tena, neno fungua lisitumike tena. Kufunga iwe ziba. Kufungua iwe achia.

Mkwaruzo. Halafu Gedi akasema:

"Mmechelewa. Alhamisi kisima kilipiga teke. Mzungu alisema funga, mtu wa vali akafungua. Tope liliruka mpaka juu ya mnara."

Mativo akashika ukingo wa meza. "Muulize ni nani. Muulize kama kuna aliyekufa."

Hared akauliza. Jibu likaja limekatika vipande: "...mmoja... lori la Ijumaa... analetwa Nairobi..." Kisha redio ikabaki na upepo mtupu. Hared aliita mara kumi. Hakuna kitu.

Analetwa. Neno hilo Mativo alirudi nalo Mbotela. Aliye mzima huja mwenyewe, alijiambia. Anayeletwa ni mgonjwa au maiti. Ndindi alimuuliza unga uko wapi, akasema mashine imeharibika. Ndindi akamwangalia usoni.

"Baba Mwende, una nini?"

"Kichwa tu."

Jumapili hawakwenda kanisani kwa sababu ya kile kichwa. Mativo alikaa mlangoni kwenye kigoda, na kila mtu aliyetokea mwisho wa safu ya nyumba alimfanya ainuke nusu. Mnamo saa nane Ndindi alikuwa anaanua nguo, akapiga ukelele. Mativo hakuweza kuinuka.

"Nzuki! Kwani likizo yako imefika?"

Alikuwa Nzuki, kwa miguu yake, begi begani, nyusi zimeganda tope la kijivu. Aliwasalimu, akaingia, akaketi. Ndindi alipomwekea maji, aliyanywa kwa mkupuo mmoja.

"Nimefukuzwa," alisema. "Dada, ni mimi niliyefungua. Nilisikia fungua, na hata leo nikifumba macho nasikia fungua. Mzungu aliruka kutoka kwenye usukani, akanisukuma, akafunga mwenyewe. Tope lilitunyeshea sote. Tulizima injini tukabaki tumesimama, hakuna anayepumua, tunasikiliza kama gesi itawaka." Akakwangua tope kwenye nyusi. "Wenzangu hawakuniaga."

Mativo aliona jinsi ilivyo rahisi kukaa kimya. Hakuna aliyejua isipokuwa Hared, na Hared naye alikuwa na la kuficha. Kadi haikuwa na jina la mwandishi. Aliogopa macho ya Ndindi kuliko alivyomwogopa Bwana Dawes.

"Hukukosea wewe," alisema mwishowe. "Hukukosea hata kidogo. Maneno yale ni yangu."

Akawasimulia yote, tangu kwa Bedan mpaka redioni. Ndindi alisikiliza akiwa amekumbatia nguo alizoanua. Alipomaliza, mke wake alisema neno moja tu, "Kesho," na Mativo akaelewa.

Jumatatu alisimama mbele ya meza ya meneja kabla hata ya kufungua stoo. Alisema lake, na kuhusu redio akasema alimlazimisha Hared. Bwana Dawes alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasema, taratibu, "Funga. Fungua." Akarudia. Uso ukambadilika rangi.

"Unajua kulikuwa na watu ishirini na wawili pale juu?"

"Najua, bwana."

"Basi utakwenda mwenyewe na lori la Jumatano. Utasimama pale na injini zikinguruma, uwafundishe hayo maneno mapya mpaka nisikie kutoka kwa Gedi kwamba hakuna anayekosea."

Jina la Nzuki lilifutwa kwenye orodha ya waliofukuzwa, akaambiwa arudi kazini. Hakurudi. Alikwenda kwa wachonga vinyago, kazi ya watu walioketi chini, na kwa miezi mingi alikuwa akishtuka hata panga la jirani likigonga kuni.

Mativo alikwenda. Alisafiri siku mbili juu ya magunia ya unga wa kuzidishia tope uzito, akapanda ngazi za chuma mpaka sakafu ya mtambo. Tope la ile Alhamisi lilikuwa bado limeganda juu kabisa kwenye roshani. Gedi akainua mkono, injini zote tatu zikawashwa, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu vyake. Kijana mgeni alikuwa ameshika vali, akimtazama mdomo.

"Ziba!" Mativo alipiga kelele.

Kijana akazungusha usukani wa vali mpaka ukakaza. Gedi akaonyesha kidole kimoja: mara ya kwanza. Walirudia mara arobaini siku hiyo, na kila mara, kabla ya mkono wa yule kijana kusogea, Mativo alikuwa haoni kitu kingine duniani isipokuwa ule mkono.