Gari Letu Lilichemka Kwenye Foleni Tu

Gari letu lilikuwa na tabia ya ajabu. Barabara ikiwa tupu, limetulia kama mtoto aliyeshiba. Likiingia kwenye foleni tu, linachemka.

Sisemi lilipata joto. Lilichemka. Mvuke, harufu, na watu wa magari mengine wakitutazama kwa ile huruma ya "afadhali si mimi".

Mume wangu alisema ni hali ya hewa.

Ngoja nimtambulishe. Mume wangu anauza vigae vya sakafu. Lakini mtaani anaitwa Profesa, jina alilojipa mwenyewe. Ufundi wa magari amejifunza kwenye video za simu, akiwa amelala kwenye kochi.

Feni ya rejeta ilipokufa, nikasema tuite fundi.

"Fundi wa nini na mimi nipo?"

Akanunua feni iliyotumika, akaifunga mwenyewe, kisha akanawa mikono taratibu kama daktari aliyetoka kupasua moyo.

Gari likaanza kuchemka wiki hiyohiyo.

Nikamuuliza, kwa adabu zote za ndoa, "Baba watoto, haiwezi kuwa hiyo feni?"

"Feni inazunguka, si unaiona? Tatizo ni thermostati."

Akabadilisha thermostati. Likachemka.

Akasafisha rejeta. Likachemka.

Akafungua pampu ya maji, akairudisha, na mkononi akabaki na bolti moja. Akasema kiwandani huwa wanaweka za ziada. Nikanyamaza. Ndoa ina mambo mengi ya kunyamazia.

Sasa tatizo likawa mama yake.

Mama mkwe alikuwa anaishi nasi, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Watu aliwatambua kwa sauti, vyumba kwa kupapasa. Alikuwa amesubiri upasuaji mpaka akaacha kuuzungumzia. Siku ilipopatikana, muuguzi akatuonya kwa simu: msichelewe, daktari huyu ni mgeni, anaondoka kesho.

Nikasema tukodi teksi.

Profesa akanitazama kama nimemtukania ukoo. "Teksi, na gari lipo?"

Basi tukaenda na gari. Yeye kwenye usukani, mama kando yake, mimi nyuma na mkoba wa nguo za hospitali.

Tulikwenda vizuri kabisa. Profesa akaanza hata kupiga mluzi. Tulipofika makutano makubwa, taa hazifanyi kazi, magari yameumana kila upande.

Mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Fungueni vioo," akasema. "Nawasha hita, ivute joto la injini."

Jua la mchana, hita imewashwa, na mimi nimepakata mkoba. Nikawa naelewa mkate unavyojisikia ndani ya oveni.

Mshale ukagusa nyekundu. Mvuke ukatoka. Akasogeza gari pembeni, akazima injini, akafungua boneti, kisha akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Ukifungua hicho sasa hivi," nikamwambia, "tutamwacha mama tukuandikishe wewe kitandani."

Akarudisha mkono. Akasema anakwenda kutafuta maji, akaondoka na simu sikioni, anatembea kwa haraka ya mtu mwenye mpango.

Mama akataka kushuka anyooshe miguu. Nikamshika mkono, tukasimama mbele ya gari. Injini imezimwa, lakini ufunguo haukutolewa na feni bado inazunguka.

Mama akasogeza mguu mbele kidogo. Kisha akasema, "Bado linapuliza mbele."

"Bado?"

"Hewa ya moto inanipiga miguuni, mwanangu. Kama siku ile alipoifunga feni."

Mimi ni msusi. Drai ya nywele naijua: inavuta nyuma, inatoa mbele. Na feni hii ilikaa nyuma ya rejeta, kwa hiyo kazi yake ni kuvuta hewa ya nje iingie kupoza maji. Nikatoa karatasi laini kwenye mkoba, nikaiweka karibu na matundu ya mbele.

Ikapeperushwa, ikanipiga usoni.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Kwenye mwendo, upepo wa barabara ulilipoza gari hata hivyo. Kwenye foleni, upepo hakuna, imebaki feni peke yake, nayo inasukuma hewa nje badala ya kuivuta ndani.

Nikatoa ufunguo, tukangoja injini ipoe. Feni ilikuwa na nyaya mbili tu, zimeunganishwa kwa utepe mweusi. Nikabandua utepe, nikazibadilisha, wa huku kule, wa kule huku. Nikafunga kwa plasta ya vidonda.

Profesa akarudi na madumu ya maji, jasho linamtoka. Tukajaza polepole. Gari likawaka, likanguruma, feni ikashika kasi. Nikarudisha karatasi mbele ya matundu.

Ikanata.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimegeuza nyaya zako."

Akaitazama ile plasta. "Ndiyo, hilo nilikuwa nalishuku."

Tulimaliza foleni yote, mshale haukutikisika. Tulimkuta daktari anavua glavu. Akamtazama mama, akavaa nyingine.

Kesho yake wakamfungua bandeji. Mama akatutazama mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Mimi nilikuwa nalia. Mume wangu alikuwa anatabasamu.

Mama akamgeukia. "Siku uliyofunga feni, mimi si nilikuwa nimesimama mbele ya gari?"

"Ndiyo, mama."

"Nikakwambia linapuliza badala ya kuvuta. Ukanijibu nini?"

Profesa akatazama sakafu. Vigae vyake mwenyewe, aliiuzia hospitali hiyo.

"Nilisema ukapumzike, mama. Kwamba haya ni mambo ya kitaalamu."

Kumbe alikuwa ameambiwa. Siku ya kwanza. Thermostati, rejeta, pampu, zote zilifunguliwa kwa sababu mwenye jibu alikuwa mama mzee asiyeona.

Mnaotafuta funzo, shikeni hili: kabla ya kufungua injini, msikilize aliyesimama karibu nayo. Hata kama haoni. Hata kama ni mkeo.

Mama akamshika mwanawe kidevu, akamwinua uso.

"Sasa nakuona," akasema. "Hebu niambie tena nikapumzike."