Wifi Yangu na Neno "Kusaidia"

Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtaani wanamwita Bi Ushahidi. Jina hilo kalitafuta mwenyewe. Ukimwambia mvua inanyesha, anafungua dirisha. Mchumba wake alipokuja kujitambulisha, akasema anampenda kuliko mboni ya jicho lake, wifi alimuuliza mbele ya wazazi, "Hilo tutalipimaje?" Ndoa ilifungwa hata hivyo.

Alipoanza masomo ya uzamili, ukoo mzima ulisoma naye. Kwetu kufeli si jambo la kawaida. Marehemu alikuwa mkaguzi wa shule, na jina lake bado linatajwa kwa heshima kwenye ofisi za elimu. Utafiti wa wifi ulihusu vishikwambi, vile vibao vya kioo vya kugusa kwa kidole ambavyo shule yake ilikuwa imegawiwa. Alitaka kujua: je, vinawafanya watoto wajue kusoma?

Akaandika dodoso. Swali kuu lilikuwa fupi: "Kishikwambi kinakusaidia kusoma?" Karibu watoto wote wakaweka alama ya ndiyo. Msimamizi wake chuoni akafurahi. Mwalimu mkuu akaanza kuwatangazia wazazi. Nami, sifichi, nilikuwa nimeshawaambia ndugu wote waje ukumbini siku ya kutetea utafiti, wakae mstari wa mbele.

Wiki hiyohiyo wifi aliingia sebuleni kwangu na viatu vyake, mkono wa gauni umejaa chaki.

"Wifi, nimeharibikiwa!" alisema, lakini uso ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyeokota dhahabu.

"Kaa kwanza. Umeharibikiwa huku unacheka?"

"Nimeingia darasani kuangalia kwa macho yangu. Kuna kabinti kanaitwa Chiriku, kwa maneno yake mengi. Nikamwambia, uliandika kishikwambi kinakusaidia kusoma, haya nionyeshe. Akabonyeza alama ya spika, akakunja mikono. Sauti ikasoma hadithi mpaka mwisho! Nikamuuliza, na wewe je? Akanishangaa. 'Si kinanisaidia, mwalimu? Kama kaka anavyonisaidia kubeba ndoo.' Nikamuuliza, kaka akibeba ndoo wewe unabeba nini? 'Mimi namfungulia mlango!'"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Ni kweli. Ukimwambia mtu akusaidie kubeba mzigo, mikono yako inabaki mitupu. Ukisema "nisaidie kalamu", humaanishi mwandike pamoja. Watoto hawakudanganya hata kidogo. Walijibu Kiswahili walichoulizwa.

"Nani mwingine anajua?" nikauliza.

"Mimi, wewe na Chiriku."

"Na Chiriku anaweza kunyamaza?"

"Wifi, mtoto anaitwa Chiriku!"

Mwalimu mkuu alipopigiwa simu alilalamika mpaka nikamsikia kutoka kwenye kiti changu. "Mwalimu, wasilisha tu! Neno moja hilo, nani atalichunguza? Ukiahirisha watasema umeshindwa."

Na kweli wangesema. Nilianza kumwambia wifi kwamba kaka yake hakuwahi kutia saini ripoti ya darasa ambalo hakuliingia, na kwamba kuchelewa hakujawahi kuchafua jina la mtu.

"Wifi," akanikatiza, "sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kunywa chai. Barua ya kuahirisha nimeshaipeleka."

Basi kazi ikaanza upya, na sijawahi kuona kazi tamu kama ile! Meza yangu ya kulia chakula ikawa ofisi. Tulitunga hadithi ambazo hazimo kwenye kishikwambi chochote, tukazichapa kwenye karatasi. Watoto wa darasa moja waliachiwa sauti, wa darasa jingine la rika lilelile wakazimiwa sauti. Wote walisoma karatasi mwanzoni mwa muhula, na wakasoma nyingine mwishoni. Wifi alikaa pembeni ya darasa akiandika wanachofanya, si wanachosema wanafanya. Maswali mapya aliyajaribu kwa watoto wachache kwanza, kila mmoja akaeleza kwa maneno yake ameulizwa nini.

Mimi nilikuwa sikio la pili. Tulisikiliza usomaji uliorekodiwa kila mtu chumba chake, tukatoa alama bila kuonyeshana, kisha tukalinganisha.

"Huyu umempa 'amesoma' wakati amejikwaa kila mstari," nikamwambia. "Unampenda tu."

"Na wewe una masikio ya mkaguzi."

"Nimeolewa nayo!"

Majibu yalipotoka tuliruka kama wasichana. Wa sauti iliyozimwa walikuwa wanaisoma hadithi ngeni vizuri kuliko wenzao. Na katika darasa la sauti, mmoja aliikodolea macho karatasi mpya huku akighani hadithi ya kwenye kishikwambi, neno kwa neno, na vituo vyote!

Siku ya kutetea, ndugu walijaa mstari wa mbele. Profesa mkuu wa jopo alivua miwani. "Mwalimu, awamu ya kwanza ulikuwa na majibu mazuri kuliko haya. Kwa nini uliyatupa?"

Wifi alifungua ripoti yake.

"Sikuyatupa, Profesa. Yamo sura ya tatu, na kosa langu limo pamoja nayo. Yale yalikuwa majibu ya nilichouliza, si ya nilichotaka kujua."

Profesa alimgeukia mwenzake, wakanong'onezana, kisha akasema sura hiyo ya tatu wataitumia kuwafundishia wanafunzi wanaokuja. Wifi akawa amefaulu. Nimesoma, najua adabu za ukumbi, lakini makofi yangu yalisikika hadi korido.

Nje simu ikaita. Mwalimu mkuu.

"Vipi, umefaulu?"

"Nimefaulu, Mkuu," alijibu Bi Ushahidi huku ndugu wakimvuta huku na huku. "Kesho asubuhi nazima spika zote."