Kisanduku cha Nyanya Kabatini kwa Mzee Zakayo

Ugoro una harufu kali ya majani makavu na magadi, na kila nikiisikia namkumbuka Mzee Zakayo, na damu inanichemka.

Tuliishi mtaa wa Kabiria na Nyanya, mamake mama. Aliwahi kuwa yaya mtaa wa Loresho, na bibi wa Kizungu aliyemwajiri, akirudi kwao, alimwachia kisanduku cha ugoro cha zamani sana, cha fedha. Kwenye kifuniko walikaa ndege wawili wa mawe ya kuchongwa, mmoja mwekundu wa akiki, wa pili kijani. Jamani, nilikipenda! Vidole vyangu vilijua kila unyoya. Nyanya alikipenda zaidi, alilala nacho.

Jumapili moja Mzee Zakayo, mzee wa kanisa letu, alimsimamisha Nyanya ibadani mbele ya watu wote, akamnyang'anya kisanduku. "Hiki ni chombo cha shetani!" Akamwaga ugoro nje, akatia kisanduku mfukoni, ati akakitupe mtoni. Nyanya akatengwa na meza ya Bwana. Tulirudi nyumbani bila yeye kuniangalia hata mara moja.

Miezi ikapita. Zamu ya maombi ya akina mama ikafikia nyumba ya Mzee, mtaa wa Woodley, nami nikamsindikiza Nyanya. Lahaula! Kabatini, nyuma ya kioo, kati ya vikombe vya wageni, ndege wetu hao! Nikamvuta gauni nikimnong'oneza tukichukue.

"Nyamaza, wewe." Kisha Nyanya akamgeukia mke wa Mzee, kwa sauti tamu, "Mama Rispa, hebu tuonyeshe hicho kitu kizuri. Umekitoa wapi?"

"Hiki? Baba Rispa aliniletea zawadi, naweka herini."

Kikapita mkono kwa mkono. Kila mama alikitambua.

"Kumbe mto wenyewe una vioo!" mmoja akasema, wakaangua kicheko. Mzee, aliyekuwa ameketi pembeni, alikodolea chai yake macho.

Kilipomfikia Nyanya, akakipangusa kwa leso, akamrudishia mwenye nyumba. "Kiweke palepale, mama. Kinapendeza."

Nililia njia nzima. Nilimwona mjinga kabisa. Ukubwani ndipo nilipoelewa: angekichukua, aibu ya yule mnafiki ingeishia hapo. Sasa hakuweza kukitupa wala kukificha, maana kila mgeni aliomba akione. Mara mbili alimtuma mkewe akirudishe. Mara mbili Nyanya alimpa chai, akamrudisha nacho. Alikitaka, tena sana. Ila alitaka zaidi Mzee Zakayo akitazame kila siku akila ugali wake.