Jiwe la Radka Lina Sura ya Mumewe Tu

Asubuhi mapema, kabla hata ya kahawa, Rangel Tsonkov anawasha kompyuta ya karakana yake mjini Mezdra, anakubali masasisho, kisha anafungua faili moja. Dirisha la programu linatokea, na vitufe vyake vyote vinatokea. Pale panapotakiwa kuwa na uso wa mtu pana mraba mweusi ti.

Anausubiri kidogo, kama anayemngoja mgeni aliyechelewa. Kisha anaufunga na kwenda kutafuta birika.

"Yumo humo," anasema. "Faili ina uzito uleule. Yumo, ila haonekani."

Aliyemo ni Radka, mkewe. Jumamosi hii anatimiza mwaka tangu afariki, na huku mwaka ndiyo siku ya kusimamisha jiwe la kaburi. Rangel amechora sura za marehemu wa nusu ya mji kwenye mawe meusi, lakini la mkewe halijakamilika. Lina uso mmoja, nao ni wa Rangel mwenyewe.

Kumchora aliye hai si ajabu huku. Mume na mke huchorwa pamoja, na anayebaki huachiwa nafasi ya tarehe. Rangel alianza na upande wake kwa mazoea ya kazi: alikuwa amefunga sindano mpya kwenye mashine ya kuchorea, na kama ina hitilafu, basi iharibu kwanza sura isiyo na maana. Haikuharibu kitu. Ametoka vizuri, hadi masharubu.

Mashine yake hutii programu moja tu, iliyotengenezewa Windows na kampuni iliyokwisha kufungwa. Windows mpya ziliikataa. Mashine nyingine ni bei ya nusu ya nyumba, na karakana humpatia kuni, mkate na dawa za presha, basi. Ndipo akahamia Linux, mfumo wa bure wa kompyuta, na kujifunza Wine, inayozifanya programu za Windows zidhani ziko nyumbani kwao. Draiva, programu ndogo inayoiongoza kadi ya picha, aliiweka kwa mkono wake mwenyewe, maana sindano hufuata kile tu ambacho kadi imekichora kwenye skrini.

Ilimtoa jasho, lakini kazi ilikwenda. Kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Linux akawa mtu wa kuulizwa, naye akampa kila mgeni onyo lilelile: usifute kiini cha zamani, ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mfumo. Kipya kikiikataa draiva yako, cha zamani ndicho kitakachokurudisha nyumbani.

Majira ya baridi yote aliisafisha picha ya Radka, aliyoikata kwenye picha ya harusi ya mpwa wao. Akaondoa bega la mtu, akarudisha nywele moja moja. Diski ikajaa. Cha kufuta kilikuwa ama picha za marehemu wa watu, ama viini vya zamani. Picha za marehemu hakuthubutu kuzigusa. Akafuta viini.

Siku alipomaliza upande wake wa jiwe, kompyuta ilimwomba masasisho, naye akakubali bila kuwaza. Kiini kipya kikaingia, draiva ikakataa, skrini ikazimika.

"Nilikaa nikacheka," anasema. "Mimi, niliyewagombeza watu wazima kwa kosa hilohilo."

Skrini aliirudisha kwa draiva nyingine, lakini programu haielewani nayo. Draiva mpya haziijui kadi yake kuukuu. Kiini cha zamani alikipata tena mtandaoni, ila sehemu nyingine za mfumo zilishasonga mbele na zikagoma kuishi nacho. Akaweka mfumo wa zamani kwenye diski nyingine, na programu ikamtaka idhini ya kampuni ambayo haipo. Kijana mmoja wa jukwaani, aliyefundishwa na yeye, alimwandikia kwa adabu kwamba ajaribu kuanza na kiini cha zamani. Rangel aliufunga ujumbe. Aliona aibu.

Velika, dada mkubwa wa Radka, anaingia na mfuko wa ngano ya kuchemsha, ile ya kugawa makaburini. Hata hajakaa.

"Shemeji, ya watu unamaliza, ya mdogo wangu ndiyo imekushinda?"

"Imenishinda, dada."

"Si uchore kwa mkono? Baba yako alikuwa anachora kwa mkono."

Rangel ananyoosha mikono mbele yake. Inatetemeka yote miwili. Kwenye rafu kuna vipande vya mawe alivyojaribia kwa sindano ya almasi ya baba yake. Kila kipande kina mwanamke, na hakuna hata mmoja aliye Radka.

Velika anashauri wabandike picha ya kauri, itokane na ile ya harusi. Rangel anatikisa kichwa. Kwenye picha ile Radka amefumba macho nusu. Aliyemfumbua kwenye kompyuta ni yeye, na macho yaliyofumbuka yamo kwenye faili, isiyofunguka kwa programu nyingine.

"Basi litasimama hivyohivyo? Wapita njia watadhani wewe ndiye uliyekufa."

"Waache wadhani."

Jumamosi jiwe litasimama na jina la Radka, kwa kuwa herufi za patasi mikono yake bado inaziweza. Upande wa Radka utabaki umeng'arishwa, mtupu. Tumaini la Rangel, naye mwenyewe analiita la kijinga, ni kwamba mtu asiyemjua, mahali fulani, ataikumbuka kadi yake kuukuu na kuiandikia draiva. Ndiyo maana masasisho yanayomtisha huyakubali kila asubuhi, ndipo afungue faili.

Velika anataka kumwona mdogo wake. Rangel anaufungua ule mraba na kumwonyesha kwa kidole katikati yake. Velika anavua miwani na kusogea hadi pua inakaribia kioo cha skrini. Kioo kinang'aa kama cha kujitazamia, na katika ule weusi anatokea mwanamke mwenye mvi, mwenye macho ya ukoo wao.

Walifanana sana, dada hawa. Rangel anageukia dirishani na kumwomba shemeji yake, kwa sauti ya chini, asisimame hapo.